Jodari wa Feri, wali wa siki na karatasi ya mwani

Msomaji wa Kigamboni ameandika: "Shikamoo mpishi. Mwezi ujao nina wageni wanane, na nimeahidi kuwaandalia zile sushi za Kijapani, wali na jodari mbichi vilivyokunjwa kwa karatasi za mwani. Nimeshajaribu kwa mchele wa Kyela, kila nikikata zinamwagika. Mama anasema samaki mbichi atatuua. Mimi nilifikiria kumnunua soko la samaki la Feri asubuhi, nimkamulie ndimu nyingi. Halafu zile karatasi nyeusi ni ghali, je, mwani wa Zanzibar haufai?"

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na neno la mama yako, kwa sababu wali ukiharibika mtacheka na kuula kwa kijiko, lakini samaki akiharibika mtalala zahanati.

Mama ana haki ya kuogopa, ila nadhani anaogopa kitu kingine. Wengi wakisikia samaki mbichi huwaza minyoo. Minyoo ipo, na ndiyo maana kanuni za chakula za Marekani zinataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Lakini kanuni hizohizo zinawasamehe jodari wakubwa, akiwemo yule wa mapezi ya njano anayevuliwa sana katika bahari yetu na yule wa macho makubwa, maana ni nadra kukuta minyoo ndani ya minofu yao. Msamaha huo hauwahusu sehewa na jamaa zake wadogo, wala vibua, wala nguru. Na samaki wa maji baridi, sato na sangara, hao usiwaonje wabichi hata siku moja.

Hatari ya jodari inaitwa histamini. Nyama yake ina histidini kwa wingi, nayo ni sehemu ya protini isiyomdhuru mtu. Samaki akishakufa na kukaa kwenye joto, bakteria wa kwenye matamvua na matumbo huenea mnofuni na kuigeuza histidini ile kuwa histamini. Mtu akila, ndani ya dakika chache au saa kadhaa uso unawaka wekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, ngozi inatoka vipele vya kuwasha, na wengine wanatapika au kuharisha. Wapo watu wanaosema maisha yao yote kwamba wana mzio wa jodari, kumbe siku ile walikula jodari aliyekaa juani. Dawa za mzio kama setirizini hutuliza hali hiyo, lakini mtu akianza kubanwa pumzi, hapo ni hospitali bila kungoja.

Histamini ikishatengenezwa haitoki. Kukaanga hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, ndimu yako haiiondoi, wala siki yangu. Ndimu inaigeuza nyama rangi ikaonekana kama imeiva, basi. Tena samaki huyo anaweza asinuke kitu. Mara nyingine ulimi huhisi ukali wa pilipili manga ambayo hakuna aliyeitia. Ukiuhisi, tema, na sahani yote uimwage.

Kinachomfanya jodari awe mgumu kuliko nguru au changu ni kwamba mwili wake una joto kuliko maji anamoogelea, na akipambana na ndoana joto hilo hupanda zaidi. Bahari yetu nayo ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Kwa hiyo anapofika chomboni tayari yuko kwenye joto ambalo bakteria wanalipenda, na mvuvi anatakiwa kumtoa damu, kumtoa matamvua na matumbo, kisha kumzika kwenye barafu bila kuchelewa. Aliyevuliwa kwa mshipi na kupandishwa akiwa hai anaipata nafasi hiyo. Aliyenasa kwenye jarife lililotegwa usiku anaweza kuwa amekufa saa nyingi kabla wavu haujavutwa, na barafu ya pwani haiwezi kuzirudisha saa hizo.

Ukifika Feri, basi, usimuulize muuzaji kama samaki ni wa leo. Hakuna atakayekwambia ni wa juzi. Muulize alivuliwa kwa mshipi au kwa jarife, chombo kilirudi lini, na kama barafu ilikuwamo chomboni au aliwekewa baada ya kushushwa. Nenda na kipimajoto cha jikoni. Kikichomwa katikati ya mnofu, karibu na mfupa, kisome nyuzi 4 au chini yake. Kikisoma 15, mshukuru muuzaji uondoke. Macho maangavu na matamvua mekundu ni dalili nzuri za samaki kwa jumla, lakini hazikwambii chochote kuhusu histamini.

Ungekuwa unajilisha peke yako ningekuachia uamuzi. Kwa wageni wanane, ushauri wangu ni huu: usinunue mnadani Feri. Tafuta duka linalouzia hoteli, ununue mnofu wa jodari uliogandishwa na kufungwa pakiti isiyo na hewa, na umuulize mwenye duka waziwazi kama unaliwa mbichi. Akisita, umeshajibiwa. Uweke kwenye deli lenye barafu mpaka nyumbani, hasa kama utavuka na pantoni, maana foleni yake unaijua wewe kuliko mimi.

Rangi isikudanganye. Jodari aliyegandishwa kwenye friza za kawaida hugeuka hudhurungi taratibu. Meli za Kijapani humgandisha kwa nyuzi 60 chini ya sifuri, ndiyo maana anafika soko la Toyosu kule Tokyo akiwa bado mwekundu. Ukikuta mnofu wa bei nafuu wenye wekundu mkali unaong'aa, na haubadiliki hata baada ya siku kadhaa kwenye friji, inawezekana umetiwa gesi ya kaboni monoksidi. Marekani wanairuhusu. Japani na Umoja wa Ulaya wameipiga marufuku, kwa kuwa inaficha umri wa samaki. Mimi nachukua ule uliofifia kidogo ninaojua ulikotoka.

Kuyeyusha nako kuna namna yake. Watu huuacha mnofu mezani tangu asubuhi, jioni unakuta umetoa maji mekundu na umelegea, na nje umeshapata joto. Wajapani wana njia nzuri ambayo nimeizoea. Chukua lita moja ya maji ya uvuguvugu, nyuzi 40 hivi, mkono uyahisi yana joto lakini hayaunguzi. Koroga humo gramu 30 za chumvi. Fungua pakiti, suuza mnofu haraka kutoa ungaunga ulioachwa na msumeno uliomkata samaki, uutumbukize dakika mbili au tatu. Nje utalainika, ndani ubaki mgumu. Utoe, ukaushe vizuri kwa karatasi za jikoni, uuviringishe kwenye karatasi nyingine kavu, uweke chini kabisa ya friji kwa saa moja au mbili umalizikie huko. Maji hayo ni ya dakika chache tu, usiuache ukajisahau na simu. Kama utaamua kuuyeyusha kwenye friji tangu jana yake, basi toboa au fungua pakiti kwanza: samaki hayeyushwi ndani ya pakiti isiyo na hewa, kwa kuwa kuna bakteria wa sumu kali, wa botulizimu, wanaopenda mahali pasipo hewa.

Ukishayeyuka, ondoa ile sehemu nyeusi yenye damu inayopita katikati ya mnofu. Ina ladha kali na ndiyo inayoharibika kwanza. Iliyobaki ikate vijiti vyenye unene wa sentimita moja kwa moja, virefu kadiri mnofu unavyoruhusu. Vifupi vitaungwa baadaye, hakuna atakayejua. Kisu kiwe kikali na ukivute mara moja kuelekea kwako. Ukikata kwa kwenda na kurudi unaichana nyama.

Hapa nakuongezea jambo ambalo hukuuliza. Karne ya 19, Tokyo ilipokuwa ikiitwa Edo, jodari alikuwa samaki wa watu wa kawaida, na hawakuwa na barafu. Wauzaji wa sushi walimlowesha kwenye sosi ya soya ili akae. Ile sehemu ya tumbo yenye mafuta, ambayo leo ndiyo ya bei kubwa, ilidharauliwa. Kulowesha huko, wanakoita zuke, kumebaki mpaka leo kwa ajili ya ladha, na kwa jodari wa friza ni msaada mkubwa. Vijiti vyako vikae kwenye sosi ya soya dakika 10 ndani ya friji, kisha vifute vikauke. Vitakuwa na rangi iliyokolea na chumvi ya kutosha, na wageni hawatahitaji kuogesha sushi kwenye sosi. Hakuna kinga yoyote ndani yake, usije ukadhani soya inafanya kazi ambayo ndimu imeshindwa.

Sasa wali. Hapa ndipo sushi yako ilipovunjikia, na nasema hivi bila kuuona mkeka wako wa kukunjia wala kisu chako.

Sisi tumelelewa kusifia wali unaochambuka. Mtu akipakua pilau na kila punje iko peke yake, mpishi anatembea kifua mbele. Mchele wa Kyela, wa Mbeya, pishori ya Mwea, basmati, yote ni michele mirefu yenye wanga wa aina isiyonata, amilosi, kwa kiasi kikubwa, na huo ndio uzuri wake. Ukipoa unakuwa mgumu na punje zinaachana. Sushi inataka kinyume: punje fupi, nene, zenye amilosi kidogo, zinazoshikana zikiwa zimepoa lakini bado zinahesabika mdomoni. Usijaribu kuuzidishia maji mchele wa Kyela ili unate. Utapata mashendea, na mashendea hayakunjiki.

Tafuta mchele wa Kijapani wa punje fupi, au ule wa Kalifonia unaoitwa Calrose. Maduka ya vyakula vya Kichina na supamaketi kubwa za Dar es Salaam huwa nayo. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wana njia rahisi zaidi: mchele wa Misri, ule mfupi wanaopikia mahashi, ni wa jamii hiyohiyo ya Kijapani na unafanya kazi vizuri kwa bei ya kawaida. Ukimpata mtu anayetoka huko, mwagize kilo mbili.

Pima kwa mizani. Gramu 300 za mchele zinatoa mikunjo 8 myembamba. Osha kwa maji baridi, ukizungusha kwa vidole bila kuusugua, mwaga, rudia mpaka maji yakaribie kuwa maangavu ya kuonekana chini. Wanga wa vumbi ukibaki, wali unakuwa gundi. Chuja, kisha uloweke nusu saa kwenye maji utakayopikia, mililita 340. Kuloweka huku usikuruke, kwa sababu punje nene isiyolowa inaiva nje na kubaki na kiini kigumu ndani.

Tumia sufuria nzito yenye mfuniko unaokaza. Usitie chumvi, usitie mafuta, na tui la nazi liache kabatini. Chemsha mpaka usikie povu linagonga mfuniko, punguza moto uwe mdogo kabisa kwa dakika 12, zima, acha dakika 10 bila kufunua. Najua mkono utawasha kutaka kuchungulia au kupalia makaa juu. Usipalie. Joto la juu linakausha uso wa wali, nasi tunautaka uwe na unyevu sawa kote.

Wakati wali unapumzika, tengeneza siki. Mililita 45 za siki ya mchele, gramu 20 za sukari, gramu 6 za chumvi. Pasha kidogo tu mpaka viyeyuke, usichemshe, harufu itakimbia. Kama siki ya mchele hukuipata, ile nyeupe ya kawaida ya asilimia 5 inafaa: mililita 35 zake na 10 za maji, na sukari uongeze kijiko kimoja cha chai. Kwa Waislamu, na kwa kuwa wageni hukuwataja: baadhi ya chupa zilizoandikwa kuwa ni siki ya sushi huwa tayari zimetiwa mirini, nayo ni pombe ya mchele. Siki uliyoichanganya mwenyewe haihitaji mirini hata tone. Sosi ya soya pia ina pombe kidogo inayotokana na kuchachuka kwake, na nyingine huongezewa kama kihifadhi, kwa hiyo soma maandishi ya nyuma au tafuta yenye alama ya halali.

Mwaga wali kwenye sinia pana au beseni la mbao. Usikwangue ukoko. Ukoko ni mtamu, ule kando na watoto, lakini ukiingia kwenye sushi utakutana nao kwenye kila tonge. Nyunyiza siki juu ya mwiko ili isambae, kisha ukate wali kwa ubavu wa mwiko kama unayekata mistari, unageuza na kukata, bila kukoroga wala kuponda. Mtu mwingine ashike kile kipepeo cha kupepea jiko la mkaa na apepee wali kwa bidii. Mvuke unaondoka, siki inanywewa, punje zinapata mng'ao. Dakika tano zinatosha. Funika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa na usubiri mpaka ukiugusa uone joto lake ni sawa na la ngozi yako.

Usiuweke kwenye friji. Wali wowote ukipozwa sana wanga wake unajipanga upya na kuwa mgumu, hata huu wa Kijapani. Siki ndiyo inayokuruhusu kuuacha mezani saa tatu au nne, kwani uchachu wake unazuia bakteria wa wali uliolala wasikue. Ndiyo maana nakuomba usipunguze siki kwa kuhofia wageni wataiona kali. Sukari imo, itaisawazisha.

Tuje kwenye karatasi nyeusi, nori. Nori ni mwani mwekundu unaokua kwenye nyavu katika bahari ya baridi, huko Japani, Korea na China. Unavunwa, unakatwakatwa, unatandazwa juu ya vichujio na kukaushwa, vilevile karatasi inavyotengenezwa. Kuukuza kulikuwa kazi ya kubahatisha kwa karne nyingi, kwa sababu hakuna aliyejua mbegu zake hukaa wapi wakati wa kiangazi. Jibu lilitoka Uingereza. Mwaka 1949, Kathleen Drew-Baker wa Manchester alichapisha utafiti wake kuhusu mwani wa jamii hiyo unaoliwa Wales: aligundua kwamba kiumbe kidogo cha rangi ya waridi kinachojichimbia ndani ya magamba ya kome na chaza, kilichodhaniwa ni mmea mwingine kabisa, kilikuwa ni mwani huohuo katika umri mwingine. Wajapani walipoijua siri hiyo wakaanza kuotesha mbegu kwenye magamba ndani ya matangi. Wakulima wa nori walimjengea mnara mjini Uto, Kumamoto, mwaka 1963, na kila Aprili 14 humkumbuka. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Japani.

Mwani wa Zanzibar ni habari tofauti. Ule unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani tangu 1989 ni spinosamu na kotoni, aina zilizoletwa kutoka Ufilipino. Ni matawi mazito ya kutafunika yenye utelezi, na husafirishwa kwa ajili ya karajinani, kitu cha kugandisha na kufanya vizito vyakula vya viwandani na hata dawa ya meno. Hautandaziki ukawa karatasi. Ukiupata safi, uloweke utoe chumvi, ukatekate, utie ndimu, tangawizi na ufuta, uupange pembeni kama kachumbari. Hapo utanifurahisha. Kukunjia, nunua nori tu. Tena kwa mpango wangu unahitaji karatasi 8, pakiti moja ya 10 inatosha, kwa hiyo gharama si kubwa unavyohofia. Angalia tu usinunue vile vipande vidogo vya Kikorea vilivyopakwa mafuta na chumvi. Hivyo ni vya kutafuna, vinachanika ukivikunja.

Adui wa nori hapa pwani ni hewa. Fungua pakiti saa nane mchana, saa tisa imeshalegea na inavutika. Itoe karatasi moja moja wakati wa kukunja, nyingine zibaki kwenye pakiti iliyofungwa na kale kafuko kake ka kukaushia. Iliyolegea ipitishe juu ya moto wa gesi au makaa, umbali wa kiganja, sekunde chache kila upande, mpaka rangi ielekee kijani na ukiikunja ivunjike kwa sauti.

Kukunja kwenyewe watu wanakuogopa bure. Nori nzima ni sentimita 21 kwa 19. Ikate katikati ya ule urefu wa 21, upate nusu mbili. Weka nusu moja juu ya mkeka mdogo wa mianzi, makisu, upande unaong'aa ukitazama chini na ubavu mrefu ukiwa mbele yako. Kama huna makisu, kitambaa kizito cha pamba kilichofunikwa kwa nailoni ya jikoni kitakuvusha. Lowesha vidole kwenye bakuli la maji yenye siki kidogo. Chukua wali gramu 85, upime mara mbili tatu za mwanzo mpaka mkono ushike kipimo, na uutandaze kwa ncha za vidole bila kuukandamiza, ukiacha sentimita moja wazi upande wa mbali. Kosa la wengi ni wali mwingi. Nori isionekane imejaa, ionekane imefunikwa tu.

Paka wasabi kidogo katikati ukipenda. Ile ya bomba kwa kawaida ni mzizi mwingine mkali uliotiwa haradali na rangi ya kijani, kwa hiyo usilie kama umeikosa. Laza kijiti cha jodari juu yake. Shika mkeka kwa vidole gumba, samaki azuiwe kwa vidole vingine, kisha inua mkeka na umvuke samaki kwa tendo moja ili ukingo wa wali wa karibu uguse ukingo wa wali wa mbali. Kaza kwa upole, vuta mkeka mbele, viringisha kidogo ili ile sentimita iliyobaki ijifunge. Unyevu wa wali ndio gundi yake. Acha mkunjo ukae dakika moja, mshono ukiwa chini.

Kwa kukata, futa kisu kwa kitambaa kibichi kabla ya kila pigo, kila pigo kweli. Kata katikati, ulaze nusu mbili sambamba, kisha kata mara mbili tena upate vipande sita. Vuta kisu, usikisukume chini. Zikimwagika hapa na wali ulikuwa sahihi, basi kisu ni butu.

Hesabu ya wageni wanane: vipande 12 kwa mtu ni mikunjo 16, yaani gramu 600 za mchele mkavu, karatasi 8 za nori, na jodari gramu 400 baada ya kusafishwa, nunua 500. Pika wali mara mbili kwa sufuria mbili, usirundike wote mmoja. Usikunje mapema ukaziweka kwenye friji, maana nori italegea na wali utakauka. Ningekuwa wewe, ningekunja mikunjo 8 wageni wakiwa wanaingia, na iliyobaki ningewaachia mezani: sinia la wali, nori zilizokatwa robo, sahani ya vijiti vya jodari juu ya barafu, matango, parachichi. Kila mtu anajikunjia koni mkononi na kuila papo hapo. Hiyo inaitwa temaki, ndiyo sushi ya nyumbani huko Japani, na inakuokoa usishinde jikoni wakati wenzako wanapiga soga.

Waulize wageni kabla. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee aliyedhoofika, na mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka, hao samaki mbichi si wao, na mjamzito apunguze jodari hata aliyepikwa kwa ajili ya zebaki iliyomo. Wakunjie tango lenye ufuta, yai la kukaanga lililokatwa vijiti, au jodari wa kopo aliyekamuliwa maji na kuchanganywa na mayonezi. Mikunjo hiyo ifanye kwanza, ubao na kisu vikiwa havijamgusa samaki mbichi.

Jodari atakayebaki, pamoja na ile nyama nyeusi uliyoiondoa, mpike usiku huohuo kwa mchuzi wa nazi kama alikuwa kwenye barafu muda wote. Aliyekaa mezani tangu wageni wafike, mtupe. Mikunjo ya tango iliyosalia ile kabla ya kulala, asubuhi haitakuwa na maana.